Chungu cha Mama katika Tanuri la Sifnos

Sanduku letu la kijani lilikuwa na harufu yake. Mwaka mzima lilikaa juu ya kabati la wazazi wangu, Thornton Heath, kusini mwa London, limefunikwa shuka kuukuu, na hakuna aliyeligusa. Ikifika Julai, Baba alipanda juu ya kiti, akalishusha, akalifungua katikati ya chumba, na hapo mimi na dada yangu Zuhura tulisukumana ili kila mmoja awe wa kwanza kuingiza kichwa ndani. Ilikuwa harufu ya majani makavu ya mlimani ambayo Mama aliyafunga kwenye gazeti kiangazi kilichopita, pamoja na chumvi ya bahari iliyoganda kwenye pembe, sabuni ya mafuta ya zeituni, na viatu vya plastiki vilivyokaushwa juani. Nje ya dirisha mvua ilikuwa ikinyesha kwa uvivu na mabasi yamesongamana mpaka kwenye mnara wa saa. Mimi sikuwa na habari nayo. Nilikuwa nimeshafika Ugiriki. Nilivuta pumzi mpaka nikashikwa na kizunguzungu, na Zuhura, ambaye alikuwa ameanza kujiona mtu mzima, alinivuta miguu akidai zamu yake.

Wazazi wangu ni Waunguja. Waliondoka baada ya Mapinduzi, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana London na kuoana huko huko. Baba alikuwa dereva wa basi, na Mama alishona mapazia katika karakana moja Croydon. Tulipanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya Muhindi mmoja wa Nakuru, aliyetusemesha kwa Kiswahili cha dukani, na jiko lilikuwa chini, la wapangaji wote. Kila mpangaji alikuwa na rafu yake na saa zake za kupika. Mama alipika haraka haraka, dirisha wazi hata Februari, kwa sababu mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa akilalamikia harufu ya vitunguu vyetu. Akawa na mazoea ya kuomba radhi kabla hajaulizwa kitu. Akikutana na mtu kwenye ngazi, anamwomba radhi, hata siku ambayo chakula chetu kilikuwa mkate na chai tu. Niliona vibaya, lakini nilikuwa mdogo, na nilidhani ndivyo kina mama wote wanavyoishi na majirani zao.

Sifnos tuliipata kwa bahati tupu. Pale gereji ya mabasi Baba alikuwa na rafiki yake, kondakta wa Kigiriki, ambaye shangazi yake alikodisha vyumba kisiwani kwa bei ya kirafiki. Nauli ya kwenda Unguja kwa watu wanne ilikuwa ndoto kwetu, na hata tungeipata, Mama hakuwa na pa kufikia. Nyumba ya kwao ilikuwa na watu wengine, na ndugu zake walikuwa wametawanyika, huyu Maskati, yule Dubai, mwingine Mombasa. Basi Baba akasema twende huko kwa Wagiriki mara moja tu, watoto waone bahari isiyogandisha miguu. Hiyo mara moja ndiyo iliyozaa kila mwaka. Kuanzia miaka ya themanini mwanzoni mpaka mimi ninamaliza shule, sikumbuki kiangazi ambacho hatukwenda.

Safari yenyewe ilikuwa sherehe. Tulitoka nyumbani alfajiri, tukapanda treni mpaka Gatwick, Baba akihesabu pasipoti kila kituo. Tukitua Athene, joto lilituvaa mlangoni mwa ndege, na mimi nikapiga kelele kila mara, ingawa nililitarajia. Kisha bandarini Pireasi, kisha meli, tiketi za sitahani ambako hakuna viti vya maana, Mama akitandika kanga na kutoa kachori na chupa ya chai aliyoitengeneza Thornton Heath, tukila huku vikongwe wa Kigiriki wakitutazama mpaka Mama anawagawia na wao. Tulikuwa na mashindano: wa kwanza kuliona lile kanisa dogo jeupe juu ya mlima unaoangalia bandari ya Sifnos ndiye anayelala kitanda cha dirishani. Zuhura alishinda mara nyingi kwa sababu alikuwa mrefu, na mimi nilishinda kwa sababu nilianza kusema nimeliona kabla meli haijatoka Pireasi. Meli ilipoanza kupiga honi yake nzito, nikawa siwezi kusimama mahali pamoja wala kukaa.

Shangazi wa yule kondakta aliitwa Kaliopi. Mama, ambaye hawezi kumwita mtu mzima kwa jina tupu, alimwita Bi Kaliopi tangu siku ya kwanza, na mwenyewe alilipenda hilo jina mpaka akawa analiitikia kuliko la kwao. Hakujua Kiingereza na Mama hakujua Kigiriki, lakini walizungumza kutwa nzima, kila mtu kwa lugha yake, na walielewana vizuri kuliko Baba alivyoelewana na mameneja wake. Bi Kaliopi alikuwa na mjukuu wa rika langu, Irini, na huyo ndiye aliyenifunza Kigiriki, nikawa mkalimani wa familia kabla sijajua kuandika Kiswahili sawasawa. Tulishinda baharini mimi na Irini mpaka ngozi za vidole zikakunjamana. Tulikula tini za moto kutoka mtini. Tulipanda na kushuka zile ngazi nyeupe za kijiji peku, tukirukaruka kwa sababu mawe yaliunguza, na kila mlango tuliopita kulikuwa na mtu anayetuita tuingie tule kitu. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa nikiisema natabasamu peke yangu.

Kijiji kilikuwa na tanuri moja kubwa la kuni, la mwoka mikate aitwaye Yorgi, bwana mnene mwenye sauti ya ugomvi hata anapokutakia asubuhi njema. Kila Jumamosi jioni, mikate ikishatoka, wanawake walimletea vyungu vya udongo vyenye dengu zilizolowekwa tangu jana yake, kitunguu na mafuta ya zeituni, basi. Yorgi alivisukuma ndani kimoja kimoja kwa ubao wenye mpini mrefu, akauziba mlango wa tanuri, na vyungu vikalala humo mpaka Jumapili watu watoke kanisani. Dengu hizo zikitoka huwa laini, zimejaa ladha ya moshi, na mchuzi wake mzito unanata midomoni. Kila nyumba ilikuwa na mahali pake mle ndani. Mama mkwe alimwachia mkaza mwana, na hakuna aliyethubutu kuweka chungu chake mahali pa mwenziwe. Mwaka wa kwanza Bi Kaliopi alituletea bakuli. Mwaka wa pili Mama alikaa naye kizingitini wakichambua dengu pamoja. Mwaka wa tatu akaenda kwa wafinyanzi wa ufukweni akanunua chungu chake mwenyewe.

Siku Bi Kaliopi alipomshika Mama mkono na kumpeleka kwa Yorgi, mimi na Irini tulifuata nyuma kwa shauku. Yorgi alirusha mikono. Alisema tanuri limejaa, wageni wana mikahawa yao huko chini, yeye hana hoteli hapa. Bi Kaliopi naye akarusha mikono yake. Akasema mgeni gani anayekaa kwenye kizingiti changu anamenya vitunguu mpaka analia? Walibishana mpaka watu wakatoka madirishani, na Mama amesimama katikati na chungu chake kifuani, akiomba radhi kwa Kiswahili. Mwishowe Yorgi akakinyakua kile chungu, akakisukuma mlangoni kwa ndani, upande wa kushoto, ambako joto ni dogo na hakuna nyumba inayopataka. Mama alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko sisi. "Baba Zuhura, kanipa pahala," alimwambia Baba hata hajavua viatu, na akayasema tena wakati wa kula, na tena wakati wa kutandika. Tangu hapo, London, akiwa anasubiri zamu yake ya jiko siku za baridi, alikuwa akituambia, "Mie jiko langu liko Sifnos."

Miaka yote hiyo tulikwenda Julai, kwa sababu ratiba ya likizo ya pale gereji ilimpa Baba wiki hizo. Kisha ratiba ikazunguka, likizo ya Baba ikaangukia Agosti. Julai ile ilikuwa adhabu. Sanduku lilikuwa palepale juu ya kabati, na mimi nilizunguka chini yake mpaka Mama akanituma dukani kwa vitu ambavyo hatukuvihitaji. Tulipofika hatimaye, kijiji kilikuwa na pilikapilika nisizozijua, kuta zinapakwa chokaa upya, kengele zinalia kila jioni. Mchana wa kwanza tumekaa mezani uani kwa Bi Kaliopi, Irini akatuambia kwamba watu wote wa kijiji wamefunga mpaka sikukuu ya Bibi Mariamu. Nikatafsiri. Lakini Irini mwenyewe, alipokuwa akiyasema hayo, alikuwa anatafuna mkate na nyanya, saa saba ya mchana, na nyanyake anakunywa kahawa. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie na mie aniandike," akasema, "saumu ya namna hii naiweza mwaka mzima." Kwetu kufunga ni kufunga, tangu alfajiri mpaka magharibi hakipiti kitu kooni, hata maji. Mtu anayekula mbele yako mchana hajafunga. Tukaona ni mchezo wa kitoto, tukaendelea kula.

Mama alikuwa na jambo lake mwaka huo. Alikuwa ameleta kutoka London samli, iliki, mdalasini na zaafarani, amevificha ndani ya soksi zetu, kwa sababu alitaka kumpikia Bi Kaliopi na Yorgi biriani ya kuwashukuru. Baba akaenda kwa jirani mfuga kuku akanunua jogoo wawili, wa miaka mingi. Yule jirani akamwambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba ni vizuri, wanenepeshwe kwa ajili ya sikukuu. Baba akajibu ndiyo, ndiyo, akarudi nao akawachinja mchana uleule. Bi Kaliopi alikuwa kanisani akisafisha na wenzake. Mama alikaanga vitunguu milango yote wazi, akiimba, na hakumwomba radhi mtu yeyote. Wali angeupika Jumapili. Masala na wale jogoo wagumu aliwatia kwenye chungu, akaziba mfuniko kwa unga uliokandwa, kama mabiriani ya harusi yanavyozibwa kwao, na jioni akakipeleka kwa Yorgi. Yorgi hakuuliza kitu. Ilikuwa Jumamosi, na chungu cha Jumamosi kina dengu.

Jumapili asubuhi nilisikia harufu nikiwa bado kitandani. Ilikuwa imeteremka ngazi zote za kijiji, iliki na samli na kuku, harufu ya Idi kabisa, na mimi nikaruka kwa furaha nikakimbia na Mama kwenda kuchukua chungu chetu. Tulikuta wanawake wamejaa mbele ya tanuri, wametoka kanisani na nguo zao nzuri, na hakuna anayesema kwa sauti. Unga wa Mama ulikuwa umepasuka. Mchuzi ulichemka ukafurika, ukamwagikia vyungu viwili vya jirani, ukatiririka mpaka chini ya vya nyuma, na mafuta ya kuku yalikuwa yanang'aa juu ya mifuniko. Yorgi alikuwa anavifuta kwa gunia, kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko kelele zake. Wanawake walikuwa wanaulizana kama dengu hizo bado zinalika. Irini alinivuta mkono akanieleza upya, polepole: nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana, siku zote hizi, mpaka sikukuu. Ndipo nilipoelewa, na ilibidi nimgeukie Mama nimwambie. Sijawahi kuwa na kazi ngumu kama ile ya kutafsiri. Mama alinisikiliza, akaangalia vile vyungu, akajifunika uso kwa mtandio wake. "Ya Rabi," akasema. "Nimewaharibia watu saumu yao."

Tulirudi na chungu chetu. Chumbani Mama alikaa kitandani akasema kesho tunarudi London, na kwamba kisiwa hiki tumeshakimaliza, wanaotaka bahari Margate ipo. Margate! Tulikuwa tumepelekwa Margate na shule, na bahari yake ilikuwa rangi ya chai iliyopoa. Nililia kwa sauti. Zuhura, aliyekuwa halii tena kwa lolote, alilia pia. Baba alijaribu kusema kwamba ni bahati mbaya, hakuna aliyekusudia. "Wewe ungemwagiwa mchuzi wa nguruwe mwezi wa Ramadhani, ungesema bahati mbaya?" Mama akamuuliza, na Baba akaenda kutazama tiketi. Hazikuwa za kubadilishwa. Lakini biriani ilikuwa pale mezani, kuku wawili wameiva mpaka mfupa, na Mama hakutaka hata kuiona, wala hatukukubali kutupa chakula. Basi Baba akapika wali mwenyewe, akabeba chungu, tukateremka naye mpaka ufukweni ambako vijana wa Kijerumani walikuwa wamepiga mahema. Akawafunza kula kwa mkono. Walikula wakilamba vidole, mmoja wao mwenye ndevu akamkumbatia Baba, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka na kula nao, huku moyoni nikijua kwamba Mama amesema hatutarudi tena.

Siku iliyofuata Mama akafunga. Hakumwambia mtu. Alifunga anavyojua yeye, bila tone la maji, katika joto lile la Agosti, na jioni akafungua kwa mkate na zeituni, nyama asiiguse. Siku ya pili vilevile. Bi Kaliopi alipanda ngazi na jagi la maji, Mama akakataa kwa mkono juu ya kifua. Akapanda na tikiti maji, Mama akakataa. Bi Kaliopi akanishika mabega akataka nimweleze mama yangu ana ugonjwa gani. Nikamwambia amefunga. Hata maji? Hata maji. Mpaka lini? Mpaka jua lizame. Alijishika kichwa, akashuka ngazi bila kuangalia anapokanyaga, na kabla ya alasiri kijiji kizima kilijua kwamba yule mwanamke wa London anakaa na kiu kwa ajili ya vyungu vyao. Magharibi ile tukasikia nyayo. Alikuja kwanza Bi Kaliopi, kisha mmoja wa wale wenye vyungu vilivyomwagikiwa, kisha mwenziwe, kisha wengine nisiowajua, kila mmoja na sahani imefunikwa kitambaa: tini, maharage, maboga, mkate. Wakajipanga kwenye ngazi zetu, wakasubiri. Irini alipanda darini kuliangalia jua. Tulikuwa tumegeukia machweo wote, wanawake wa Kikristo na familia yangu, tunangoja duara jekundu liingie baharini. "Limezama!" Irini akapiga kelele. Baba akaadhini kwa sauti ya chini, kwa haya, na Mama akatia tini mdomoni. Wanawake wakapiga makofi. Ikawa hivyo kila jioni, na kila jioni ngazi zilizidi kujaa.

Hata hivyo Mama hakwenda tena kwenye tanuri. Alipita njia ya mbali ili asilione. Ile futari ni huruma yao, alimwambia Baba, lakini pahala pangu nimepapoteza mwenyewe. Nilimsikia, na nikajua kwamba Margate bado ipo. Mkesha wa sikukuu, watu wanapeleka vyungu vya nyama za kesho, sisi tulikuwa tumekaa uani bila la kufanya, Mama anakunja nguo. Ghafla Yorgi huyo, anapanda ngazi anahema, aproni imejaa unga, anafoka tangu chini. Madirisha yakafunguka. Alisimama mbele ya Mama akafoka mpaka mate yakamtoka, akionyesha kule tanurini, akionyesha jua, akijipiga kifua. Mama akaniangalia, uso umemshuka. "Anasema nini?"

"Anasema moto wake unapoa," nikamwambia. "Anasema wote wameshaleta, bado wewe tu. Mlango hawezi kuuziba, na pahala pako pako wazi. Anauliza unadhani yeye mtumishi wako, akungoje mpaka lini?"

"Kasema yote hayo?"

"Na mengine siwezi kuyasema."

Mama alisimama wima. Kisha akaanza kupiga kelele na yeye, kwa Kiswahili cha Unguja, kwamba angemwambia mapema, kwamba kuku hana, kwamba yeye si mchawi. Yorgi akamjibu. Walifokeana pale uani kila mtu kwa lugha yake, na sijaona watu wanaofurahi vile. Ikawa mbio. Baba kwa mfuga kuku, Zuhura kwa vitunguu, Bi Kaliopi anatwanga iliki, mimi na Irini tunakung'uta zaafarani iliyobaki kwenye soksi. Chungu kilipofika tanurini Yorgi alikiziba mwenyewe kwa unga mara mbili, akaweka sinia chini yake, akakisukuma upande wa kushoto, mlangoni kwa ndani, huku bado ananung'unika. Njiani kurudi Mama alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. "Baba Zuhura," akasema, ameshika mkono wa Baba mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, "umeona alivyonigombeza? Kanigombeza kama wake zao!" Kesho yake kijiji kilikula biriani katika ukumbi wa kanisa, na mmoja wa wale wenye vyungu vilivyomwagikiwa aliongeza mara tatu. Mwaka uliofuata Baba aliomba likizo ya Agosti kwa hiari yake.

Sasa mimi ninakaa Ilford, na Mama anakaa Lewisham katika fleti yenye jiko lake peke yake, kubwa, jeupe, dirisha anafunga akitaka. Baba ametangulia mbele ya haki. Njia ya Unguja ilipofunguka, Mama alikwenda mara moja kuona kwao. Walimpokea vizuri mno, walimpa kiti kizuri, na kila alipoinuka kwenda jikoni walimwambia, "Keti, mgeni wetu." Sifnos ninakwenda mimi na watoto wangu kila tunapoweza, na bado hushindwa kukaa meli ikipiga honi. Yorgi na Bi Kaliopi hawapo tena. Tanuri lipo, watalii hulipiga picha, na dengu zimeandikwa kwenye menyu za mikahawa. Tunafikia hoteli yenye bwawa. Vijana wa mapokezi wanatujua kwa majina, wanatuletea juisi baridi hatujakaa, na ukiuliza chochote wanatabasamu. Sina la kulalamikia, na sitakuwa mkweli nikisema sifurahi, ninafurahi. Ila jioni, harufu ya kuni ikipita, hujikuta nimesimama kwenye zile ngazi nikingoja mtu anifokee.

Kiangazi hiki binti yangu alimpigia bibi yake simu kutoka kando ya bwawa. Akamweleza kwa Kiingereza jinsi tulivyokaribishwa, jinsi walivyotupambia kitanda kwa maua, akamuuliza kama enzi zake palikuwa pazuri hivi. Mama Kiingereza anakielewa chote, ila hajibu kwacho akiweza.

"Nyie mnakaribishwa, mwanangu," akasema. "Mie nilikuwa nikigombezwa."

Binti yangu akanipa simu, akaninong'oneza kwamba bibi analalamika.